Kikulacho Bando Ki Mfukoni Mwako

Ujumbe huo huja saa mbaya. Mtu kakaa kwenye daladala iliyokwama foleni ya Ubungo, simu haijaguswa tangu alipoagana na watoto, mara inatetemeka: mpendwa mteja, umetumia asilimia 75 ya kifurushi chako. Mpendwa! Yanayofuata yana utaratibu unaojulikana. Kwanza ataguna. Kisha atamwonyesha aliyekaa naye, ambaye hatashangaa hata kidogo: "Wanatuibia hawa. Mimi jana nimeunga giga nzima, magharibi haikufika." Mzee wa siti ya nyuma atakumbusha enzi ambazo vocha ya buku ilikuwa na heshima yake. Konda naye hakosi neno. Gari likifika Kimara, kampuni ya simu imeshahukumiwa, imefungwa, na rufaa imekataliwa.

Si kwamba manung'uniko hayo hayana msingi. Mapema Aprili 2021, viwango vipya vya vifurushi vilipoanza kutumika Tanzania, watu walikuta fedha ileile inanunua MB chache mno, na kelele zikawa kubwa kiasi cha serikali kuvisitisha. Hata huo ujumbe wa asilimia 75 unaotukera haukuja kwa hisani ya kampuni: ni agizo la TCRA, mamlaka ya mawasiliano, la mwaka huohuo, kwamba mteja ajulishwe akifika 75 na akifika 100. Bei ni ugomvi halali. Lakini bando lililoyeyuka wakati simu iko mfukoni ni kesi nyingine, na mshitakiwa wa kwanza ni simu yenyewe. Imetoka kiwandani na mazoea ya nyumba yenye Wi-Fi ya kulipia kwa mwezi: ijipakulie, ijisasishe, itunze nakala, icheze video bila kuombwa. Haijui kwamba kwako kila MB ina risiti. Lazima iambiwe, na kuiambia hakuhitaji fundi wa Kariakoo.

Soma hesabu kwanza

Simu huweka hesabu, ila haikuonyeshi mpaka uulize. Kwenye Android ingia Mipangilio, kisha sehemu ya mtandao na intaneti, utafute matumizi ya data. Jina la kitufe hubadilika kati ya Tecno na Samsung, lakini kimo humo. Utakuta programu zimepangwa kwa ulaji, mlafi juu kabisa. Gusa jina la mojawapo uone mafungu mawili: data iliyotumika ukiwa umeifungua, na iliyotumika chinichini, yaani wakati wewe unapika, unasali au umelala. Fungu la pili ndilo la kulikodolea macho.

Kwenye iPhone orodha imo ndani ya sehemu ya data ya simu, nayo ina utata mmoja: hesabu haianzi upya yenyewe kila mwezi, inajumlisha tangu mara ya mwisho ilipofutwa. Mtu anasoma GB 60 anataka kuzirai, kumbe ni za tangu simu ilipotoka dukani. Shuka hadi mwisho wa orodha, uifute ianze sifuri siku unayounga bando. Android inakuruhusu kupanga tarehe ya kuanzia, na pia kuweka kikomo: matumizi yakifika hapo, inazima data yenyewe. Kwa simu ya mtoto wa sekondari, kikomo hicho kina nguvu kuliko hotuba zote za baba.

Orodha hii huvunja viapo. Yule anayesema "mimi naangalia meseji tu" atakuta TikTok imekaa kileleni, na chini yake kuna programu ya kuhariri picha aliyoipakua kwa ajili ya harusi ya binamu na kuisahau. Hiyo ya harusi ifute. Zile unazozihitaji mara mojamoja, kama programu ya kununulia bidhaa au mchezo wa watoto, zizuie kutumia data chinichini. Kitufe kiko palepale ulipogusa jina lake. Usiizuie WhatsApp wala programu ya benki kwa pupa, maana taarifa zitaanza kukufikia kwa kuchelewa, na mwajiri hataelewa kwamba ulikuwa unabana matumizi.

Asiye na muda wa kupita programu moja moja awashe Kiokoa Data, kitufe ambacho Android imekuwa nacho tangu toleo la 7 la mwaka 2016. Kinazifungia programu zote mlango wa chinichini, kisha wewe unazitaja chache za kuachiwa. iPhone ilipata kinachofanana nacho kwenye iOS 13, mwaka 2019. Nionavyo mimi, kitufe hiki kimoja kinamaliza nusu ya ugomvi, na ni ajabu kwamba wauzaji wa simu hawakiwashi kabla ya kukukabidhi boksi.

Grupu la ukoo

Tukubaliane kwamba kutoka kwenye grupu la ukoo hakuwezekani. Ukitoka, viongozi wa grupu wanaarifiwa kwamba fulani ametoka, na kabla ya jioni kimeitishwa kikao. Kwa hiyo mbinu zote ni za kubaki ndani bila kuumia.

Ingia mipangilio ya WhatsApp, sehemu ya hifadhi na data, utaona upakuaji wa kujiendesha umegawanywa: ukiwa kwenye data ya simu, ukiwa kwenye Wi-Fi, na ukiwa nje ya nchi. Kwenye mstari wa data ya simu, ondoa alama zote: picha, sauti, video, nyaraka. Kwa kawaida WhatsApp huanza na picha pekee zikiwa zimeruhusiwa, lakini simu iliyopita mikononi mwa mpwa wako haina tena kitu cha kuitwa kawaida. Kuanzia hapo kila picha itakuja ikiwa na ukungu na ukubwa wake umeandikwa, nawe utaamua. Video ya MB 38 yenye maua na maandishi ya "Jumatatu Njema" itabaki na ukungu wake milele, na Jumatatu itakuwa njema vilevile. Ujumbe wa sauti hauzuiliki, hujipakua hata ufanyeje, ila ni mdogo. Shangazi anaweza kuongea dakika nne nzima kwa gharama isiyofikia robo ya video moja ya maua.

Tatizo linalobaki ni la adabu. Shangazi ametuma video ya mahubiri, naye ana tabia ya kuuliza. Usiseme huna bando. Utapewa pole mbele ya watu thelathini, na mjomba aliyeko Muscat atatuma hela ambayo utaidaiwa kwa maneno mpaka Krismasi. Mwandikie pembeni, si kwenye grupu: "Shangazi, shikamoo. Ile video kwangu imegoma kufunguka, walikuwa wanasemaje?" Atafurahi. Mara nyingi atapiga simu mwenyewe kukusimulia, kwa dakika zake, na masimulizi yake yanazidi mahubiri yenyewe. Kwa video nyingine zote jibu la "Amina" linatosha, ila soma maelezo yaliyo chini yake kabla hujaituma. Siku moja itakuwa ni tangazo la mchango wa harusi, na hapo "Amina" haikutoi.

Stetasi nazo zina mlo wake. Ukifungua ya mtu mmoja ikaisha, inajirusha kwa anayefuata, kisha kwa mwingine, na ukija kushtuka umeangalia duka zima la mitumba la mtu uliyemnunulia viatu mara moja tu. Wanyamazishe wauzaji. Namba yao unabaki nayo, na siku ukitaka viatu utawatafuta.

Mwisho kwenye WhatsApp ni nakala ya mazungumzo inayopelekwa Google. Kwenye sehemu ya nakala, hakikisha imeandikwa kwamba itumie Wi-Fi tu, na uondoe alama kwenye kujumuisha video. Nakala hiyo hufanyika usiku, ndiyo maana wapo wanaoamka na kukuta bando la jana limepungua ilhali simu ilikuwa kwenye chaji. Tena siku hizi nakala za WhatsApp kwenye Android zinahesabiwa ndani ya zile GB 15 za bure za akaunti ya Google, kwa hiyo video za "Jumatatu Njema" zikijaa humo, barua pepe zako ndizo zitakazokosa nafasi.

Neno moja juu ya ile WhatsApp isiyo rasmi ambayo watu hutumiana, yenye GB kwenye jina lake. Haiokoi GB yoyote. Haitoki kwa wenye WhatsApp, haipo kwenye duka la Google, na akaunti za wanaoitumia huweza kufungiwa. Mazungumzo ya familia yako yanaweza kupita kwa mtu usiyemjua kwa sababu tu ulitaka kusoma meseji zilizofutwa.

Video, na tuhuma dhidi ya 4G

Ukitaka kufahamu bando linakoenda, shika namba moja. Video inayotiririka kwa kasi ya megabiti 1 kwa sekunde inakula takriban MB 450 kwa saa. Zidisha au gawanya kutoka hapo. Mechi ya dakika 90 kwa kasi hiyo ni MB 675, bila mapumziko, bila dakika za nyongeza, na bila uchambuzi wa baadaye ambao kwetu huwa mrefu kuliko mchezo. Netflix wenyewe wanaeleza kwamba saa moja ya picha ya HD inaweza kufika GB 3, na ile ya 4K GB 7. Skrini ya simu ni ndogo kuliko kiganja. 4K ndani yake unamlipia nani?

Hapa ndipo penye ukweli nusu wa ule usemi kwamba "4G inakula bando". Ukurasa wa gazeti una uzito uleule, uupate kwa 3G au 4G. Kinachotokea ni kwamba programu za video hupima kasi ya mtandao kisha hujichagulia ubora: mtandao ukiwa dhaifu zinakuletea picha ya chini, ukiwa na nguvu zinapanda hadi HD bila kukuuliza. Kwa hiyo usirudi 3G kujiadhibu. Zifunge zenyewe. YouTube ina sehemu ya ubora wa video kwenye mipangilio yake, na humo ukiweka kuokoa data kwa mtandao wa simu, imekwisha. Kwa magoli ya Simba na Yanga 360p inatosha. Mpira utauona, na kuhusu aliyeotea utabishana vilevile. Anayesikiliza taarabu au mawaidha huku simu imelala kifudifudi mezani ateremke hadi 144p, maana anazilipia picha ambazo zinatazamwa na meza. Netflix ikiwekwa kwenye kuokoa data, GB moja inakwenda kama saa sita. TikTok na Instagram nazo zina vitufe vya aina hiyo, vimefichwa ndani zaidi kwa sababu hakuna anayefaidika ukivipata isipokuwa wewe. Kwenye TikTok kina maana kubwa, kwani ile programu huanza kupakua video inayofuata kabla hujaifikia. Hata usiyoitazama umeshaigharamia.

Facebook, zima video kujicheza zenyewe, upite haraka.

Na kwa mechi, ukumbuke redio. Simu nyingi za bei nafuu bado zina FM ndani yake. Chomeka waya wa kusikilizia masikioni, huo ndio antena, washa TBC Taifa. Hakuna data inayotumika hata chembe. Watangazaji wetu wa mpira wanaona mambo ambayo kamera haijawahi kuyaona.

Wanaokesha

Wapo walaji wawili ambao hata mtu mwangalifu huwasahau. Wa kwanza ni duka la programu. Google Play ikiruhusiwa kutumia mtandao wowote inaweza kusasisha programu thelathini kwa mpigo, nyingine zina MB mia na zaidi. Ipeleke kwenye Wi-Fi pekee. Wa pili ni hifadhi ya picha. Google Photos na iCloud zinapenda kupandisha kila picha unayopiga, na picha za simu za sasa ni nzito. Rudi kutoka send-off na picha mia mbili na video kumi za watu wakicheza kwaito, kisha acha data ikiwa imewashwa, uone asubuhi. Google iliacha kutoa hifadhi ya picha isiyo na kikomo tangu Juni 1, 2021, kwa hiyo unalipa bando kuzipandisha, halafu nafasi ikijaa unaombwa ulipie na pa kuziweka.

Lakini usiwe bahili mpaka ujiumize. Masasisho ya mfumo wa simu, ya programu ya benki na ya pesa mtandao yanaziba matundu ambayo wezi wanayajua. Ukikaa miezi bila kuyapakua ili kuokoa MB 200, umebana palipo pabaya. Kama kuna bando la usiku kwa bei ya chini, hiyo ndiyo kazi yake. Vinginevyo tumia Wi-Fi ya ofisini au chuoni, wakati wa mapumziko, na uso mkavu. Ukiwa huko pakua na ramani: Google Maps inakubali kuhifadhi eneo zima, Dar es Salaam yote ikitakiwa, na baada ya hapo unatafuta njia ya Goba bila data kuwaka. Wanafunzi wana zawadi nyingine, programu ya Kiwix, inayohifadhi Wikipedia ndani ya simu na kusomeka bila mtandao, ya Kiswahili ikiwemo.

Mgeni wa hotspoti

Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mgeni wa hotspoti mpe jembe saa ileile.

Si kwa uchoyo. Ni kwa sababu ya kosa la kiufundi ambalo wengi hawalijui. Mipangilio yote tuliyoiweka hapo juu inasema "kwenye Wi-Fi, ruksa". Sasa simu ya rafiki yako ikiunganishwa na hotspoti yako, inaweza kuona Wi-Fi. Haioni bando. Kwa furaha inaanza kusasisha, kupandisha picha za miezi mitatu na kutuma nakala za WhatsApp. Rafiki mwenyewe hana habari. Aliomba "nitume barua pepe moja tu" na ni kweli ametuma moja. Laptopu ni mbaya zaidi. Windows ikishaonja mtandao wa bure inakumbuka masasisho yote iliyoyakosa tangu mwaka jana, na inaweza kulimaliza bando la wiki kabla chai haijapoa.

Tiba ipo upande wa anayepokea. Kwenye Windows fungua sifa za mtandao ule uliounganishwa, utafute maneno "metered connection", uyawashe. Kuanzia hapo kompyuta inajua kwamba mtandao huu unahesabiwa na inapunguza mbwembwe. Kwenye Android, gusa jina la Wi-Fi hiyo na uitaje kuwa ni ya kupimwa. Kwenye iPhone, washa hali ya data kidogo kwa mtandao huo. Kazi hii mfanyie mgeni wewe mwenyewe, ukisema "lete nikuunganishe", maana ukimwachia atasema ameshafanya. Upande wako weka nywila isiyo 12345678, punguza idadi ya vifaa vinavyoruhusiwa hadi kimoja, na uzime akishamaliza. Kama jina la hotspoti yako ni jina lako, libadilishe. Mtaani hakuna anayeomba mtandao kwa "AndroidAP".

Kwa anayeomba kila siku ipo njia ya heshima: mhamishie MB. Kanuni zile za TCRA za 2021 ziliwataka watoa huduma wamruhusu mteja kuhamisha kifurushi kwa mwingine wa mtandao huohuo. Ukishamhamishia, umetoa kiasi unachokijua, na akikimaliza kwa TikTok ni chake.

Kuunga, na kulalamika

Kuunga bando ni kama kununua mchele kwa Mangi: gunia lina bei nafuu kwa kilo, lakini tu kama utalila lote. Tuseme bando la siku ni shilingi 1,000 kwa MB 400. Hiyo ni shilingi 2.50 kwa MB. La mwezi tuseme 10,000 kwa GB 6, kama shilingi 1.67. La mwezi limeshinda, ndivyo wanavyosema matangazo. Lakini ikiwa tarehe ya mwisho inakukuta umetumia GB 3 tu, kila MB imekugharimu shilingi 3.33 na umeizawadia kampuni nusu ya gunia. Kwa hiyo kabla ya kuunga rudi kwenye ile hesabu ya simu, uone mwezi uliopita ulitumia kiasi gani hasa. Na kama limebaki wakati muda unakwisha, nunua kifurushi hichohicho kabla ya saa ya mwisho ili kilichobaki kiendelee kutumika. Utaratibu huo nao umo katika kanuni zilezile. Angalia pia kama "siku" ina maana ya saa 24 au hadi saa sita usiku. Anayeunga la siku saa tano na nusu usiku anaijua tofauti hiyo.

Bando likikata huku data inawaka, salio la kawaida linaweza kuanza kuliwa kwa bei isiyo ya kifurushi, ambayo ni kali. Tafuta kwenye menyu ya mtandao wako namna ya kujitoa kwenye matumizi ya nje ya kifurushi, au uzoee kuzima data. Kukopa salio nako kuna bei: Okoa Jahazi ya Safaricom kule Kenya inakata asilimia 10, na ndugu zake wa upande huu nao hawafanyi kazi bure. Kwa dharura, sawa. Kwa kumalizia tamthilia, subiri kesho.

Kabla hujaunga lingine kwa hasira, hakikisha kwamba kosa ni la bando. Jumapili ya Mei 12, 2024, nyaya za chini ya bahari za EASSy na Seacom zilikatika na intaneti ikadorora Afrika Mashariki nzima. Siku kama hiyo kuunga kifurushi kipya ni kutoa sadaka. Kipimo chake ni rahisi: piga menyu ya salio, ambayo haihitaji intaneti. Kama MB zako zipo na jirani wa mtandao mwingine naye amekwama, weka simu chini.

Na ikiwa umefanya yote haya, hesabu ya simu inasema umetumia MB 200, ilhali kampuni inasema 900, basi sasa una kesi, na si ile ya kwenye daladala. Piga picha ya skrini ya ile orodha, tarehe ionekane. Piga 100. Usianze na "mnatuibia". Kijana wa upande wa pili amelisikia neno hilo tangu saa mbili asubuhi, na ameshaandaliwa jibu lake. Mwombe mchanganuo wa matumizi ya data ya namba yako kwa siku unayoitaja, kisha omba namba ya lalamiko na uiandike kwenye karatasi. Wasipokujibu, au wakikujibu kwa pole tu, hiyo namba na picha zako ndizo utakazozipeleka TCRA, ambao hupokea lalamiko lililokwisha kupitia kwa mtoa huduma kwanza. Chagua siku ambayo huna haraka, simu ina chaji, na kuna sinia la mchele la kuchambua, kwa sababu ule wimbo wa "tafadhali subiri" hauishi upesi.